Maswali yenu kuhusu habari za tivii: mwenye stesheni ni nani na anayelipa ni nani

Maswali ni mengi na mengi yanajirudia, sa nimeyaunganisha. Walioandika matusi nimewaruka.

Tivii gani hapa Uganda haina upande? (Jinja, Mbale, Kampala na wengine wengi)

Hakuna. Nimejibu hili mpaka nimechoka na bado linakuja kila mara, hebu tulimalize leo. Kila stesheni ina mwenyewe na ina anayeilipa, hao wawili ndio wa kuwajua kabla hujawasha dekoda. UBC ni ya serikali, ilizaliwa kwa sheria ya 2005 walipounganisha Uganda Television na Radio Uganda. Bukedde TV iko chini ya Vision Group, na huko serikali ina zaidi ya nusu ya hisa ingawa kampuni iko soko la hisa tangu 2004. NTV imeletwa na Nation Media Group ya Nairobi, NBS ni ya Next Media ya Kin Kariisa. Ukishajua hayo acha kuhesabu nani kasema uongo, maana mtangazaji akidanganya watu wanamkamata usiku huohuo na wanamuanika. Angalia walichokiacha. Ile habari ambayo kila newsroom mjini ilikuwa nayo mchana, na saa tatu usiku hakuna hata mmoja aliyeigusa, hapo ndipo upendeleo wetu ulipolala.

UCC inajitegemea au ni ya serikali? (Lira)

UCC ndiyo tume inayosimamia mawasiliano na utangazaji. Sheria imeandika inajitegemea, lakini bodi inateuliwa na waziri na kuidhinishwa na Baraza la Mawaziri. Kwangu mimi huko siyo kujitegemea.

Mbona UBC inaonyesha mkubwa mmoja tu asubuhi mpaka usiku na sisi ndio tunalipa kodi? (Masaka)

Hili linaniuma kuliko yote. Katiba yetu Ibara ya 67 imesema wazi kabisa wagombea urais wote wapewe muda sawa na nafasi sawa kwenye vyombo vya habari vya serikali, haikusema kama nafasi ikipatikana, imesema sawa. Waangalizi wa Umoja wa Ulaya walikuja 2016 wakasema UBC imeshindwa kutimiza hilo, na yeyote mwenye macho hakuhitaji mzungu amwambie. Na msinijibu eti rais ni rais lazima aonekane. Akizindua barabara kama rais hiyo ni habari, onyesheni, lakini akisimama jukwaani kuomba kura pale ni mgombea kama wenzake na saa ya UBC ni ya wote.

Halafu kuna pesa, na watu hawaiulizi kabisa. Machi 2023 rais aliagiza wizara na idara za serikali zipeleke matangazo yao UBC. Fikiria wewe ni mhariri wa stesheni binafsi, mishahara ya vijana wako imetegemea tangazo la chanjo na tangazo la kodi, sasa hayo yanaweza kuondoka kwa barua moja. Hakuna atakayekupigia simu. Utajikata mwenyewe, utasema hii stori ya hospitali kukosa dawa tuiweke kesho, kesho utasema imeshapoa. Mimi naona pesa ya UBC ipitishwe na Bunge moja kwa moja na wakubwa wake wasiteuliwe na wanasiasa, na matangazo ya serikali yagawanywe kwa kufuata watazamaji wako wapi. Bila hiyo tutapiga kelele kila uchaguzi na hakuna kitakachobadilika.

NTV walifungiwa Bunge, si walijitakia kwa kupendelea upinzani? (Mbarara)

Hapana ndugu yangu, hebu fuata mambo yalivyoenda. Machi 2025 kwenye uchaguzi mdogo wa Kawempe North waandishi walipigwa na watu wa usalama mchana kweupe, mpaka Nation Media Group ikatoa watu wake kwenye uchaguzi ule. Oktoba mwaka huohuo, uchaguzi mkuu ukiwa mlangoni, Bunge likazuia waandishi wa kampuni hiyohiyo. Sema habari zao zilikuwa mbaya, haya, tukubali kwanza. Habari mbaya ina dawa zake, unadai isahihishwe, unaenda korti. Kumzuia mwandishi asiingie Bunge siyo kusahihisha chochote, na Bunge siyo sebule ya mtu, ni nyumba tunayoilipia.

Na hii haikuanza juzi. Septemba 2017 wabunge waliporushiana viti kwa sababu ya mswada wa kuondoa ukomo wa umri wa rais, UCC ilikataza kuonyesha mambo yale laivu. Mwaka 2019 ikaamuru wafanyakazi 39 wa stesheni 13 wasimamishwe kwa jinsi walivyotangaza habari za kukamatwa kwa Bobi Wine wa upinzani. Kila mara lengo linakuwa haohao waliobaki ndani, wameona mwenzao alivyotolewa, watauliza maswali laini. Ndio unakuja kuniandikia kwamba tivii zote zinafanana, zitakosaje kufanana?

Nyie wa upinzani pia msinipigie makofi bado. Kila mwandishi akimuuliza kiongozi wenu swali gumu mnamwita jasusi, mnasambaza picha yake, mnamtukania mama yake. Huyo mtoto wa watu akipigwa na askari leo na nyinyi kesho, nani atabaki na kamera?

Nimeona mwandishi anapewa pesa baada ya mkutano, wanaita transport. Ni rushwa? (Arua)

Ndiyo ni rushwa, hata ikiitwa transport, hata ikiitwa chakula cha mchana. Ila elewa inatoka wapi. Waandishi wengi wa mikoani hawana mshahara, wanalipwa kwa stori iliyotoka, isipotoka hakuna kitu, na boda na data anajilipia mwenyewe. Sa anakuja kwenye uzinduzi wa NGO, au kwa mheshimiwa mwenye bahasha, kwa sababu pale nauli ipo. Kule kisima kimekauka miezi hakuna nauli, kwa hiyo hakuna kamera. Ndio maana habari yenu ya Arua ni semina, semina, semina. Mimi simtetei anayepokea, lakini mwenye stesheni anayeendesha gari kubwa huku mwandishi wake anaomba nauli kwa mbunge, huyo ndiye mla rushwa wa kwanza na sijawahi kuona akiulizwa.

Habari za usiku za Luganda ni za uongo? (Mukono)

Siyo uongo, nyingi ni za kweli na zinafika vijijini ambako habari za Kingereza hazifiki. Ubaya wake mimi naouona ni mtuhumiwa kuwekwa mbele ya kamera ana pingu, anaitwa mwizi kabla hajafika korti, na mtoto aliyebakwa anaonyeshwa nyumba yao mpaka kijiji kizima kinamjua. Acheni kusambaza hizo klipu.

Mimi tivii nimeacha, naangalia TikTok tu, huko hakuna bosi. (Kampala)

Bosi yupo, ni ile kompyuta inayokuletea kile kitakachokukasirisha ili usitoke. Unaona klipu ya maandamano ya zamani imewekwa leo, imebandikwa logo ya NTV au ya BBC, sauti imetengenezwa na mashine, na wewe umeshaituma kwenye magrupu manne kabla hujamaliza kuiangalia. Angalia basi jengo lililo nyuma, sare walizovaa, lugha wanayoongea, kama ilinyesha siku hiyo. Dakika mbili tu.

Simu sizidharau, msinielewe vibaya. Novemba 2020 Bobi Wine alipokamatwa Luuka watu waliuawa mitaani, serikali yenyewe ilitaja 54, na sehemu nyingi hakukuwa na kamera ya tivii. Zilikuwa simu za watu wa kawaida. Mwaka uliofuata BBC Africa Eye wakazikusanya zile video, wakalinganisha mtaa na saa, wakaonyesha risasi zilipigwa vipi. Lakini hiyo ilikuwa kazi ya waandishi, kukagua video moja baada ya nyingine. Na ukumbuke intaneti inazimika, Januari 2021 ilizimwa uchaguzi ukiwa kesho na Facebook ikafungwa, siku kama hiyo huyo TikTok wako yuko kimya na wewe unarudi kwenye redio ya mama.

Kwa nini sisi wa Kasese tunaonekana kwenye tivii mto ukifurika tu? (Kasese)

Kwa sababu stesheni ziko Kampala, anayenunua matangazo yuko Kampala, na kutuma gari Kasese ni gharama. Ndio maana pia habari za Kiswahili za maana watu wa Bombo na Arua wanazitafuta kwenye tivii za Kenya, ingawa Kiswahili kimo kwenye Katiba tangu 2005. Lakini kwenu kuna sababu nyingine na mnaijua. Novemba 2016 jeshi na polisi walipovamia ikulu ya mfalme wa jadi wa Rwenzururu hapo kwenu walikufa watu zaidi ya 100, na Joy Doreen Biira, mwandishi wa KTN ya Kenya aliyekuwa kwao kwa shughuli ya familia, akakamatwa kwa kusambaza picha za ile ikulu inaungua, wakamfungulia kesi ya kusaidia ugaidi. Kesi ilifutwa 2017. Mhariri gani Kampala alisahau? Kasese ikawa mahali pa mafuriko na kahawa tu, mambo yasiyomkasirisha mtu. Mkitaka muonekane kwa mengine, rekodini tarehe, majina, mahali, mpeleke kwa stesheni zaidi ya moja siku hiyohiyo, ikitoka kwingine yule aliyeificha ataona aibu.

Nilitajwa kwenye habari kwa jambo nisilofanya, nifanyeje? (Busia)

Usianze na kupiga kelele mtandaoni. Andika tarehe, saa, jina la kipindi na maneno yaliyosemwa, peleka barua stesheni na uache nakala yenye muhuri wao. Omba rekodi ya kipindi mapema kwa sababu hawaitunzi milele. Wakikunyamazia peleka nakala hiyohiyo UCC, hata kama nimewasema hapo juu malalamiko ya raia wanapokea. Korti iwe ya mwisho, wakili atakula pesa nyingi kuliko fidia. Na ukisahihishwa, dai isomwe kwenye kipindi kilekile ulichotajwa, wakipenda kuisoma saa kumi alfajiri ukatae.