Kwa aliyeuliza kuhusu kuhama anime, mi nilihama na nakwambia ilivyokuwa

Mkuu umeuliza kama ni kawaida mtu aliyekua na anime (katuni za Kijapani) toka shule ifike mahali haimshiki tena, ila akiwekewa drama ya Wakorea anakesha. Naongelea ya kwangu tu.

Mi wa Lindi mjini, anime nimeanza nikiwa form two, tulikuwa tunachanga jero jero tunaenda kujaziwa flashi. Naruto nimeimaliza yote, ile ya kwanza episodi 220 na mwendelezo wake Shippuden episodi 500, sijaruka hata moja, kwa hiyo simdharau mtu anayeangalia. Ila uchovu ulianzia hapohapo, maana Shippuden ina episodi kibao ambazo kwenye manga (kitabu cha katuni ilikotoka) hazipo, walikuwa wanajazia ili manga isogee wasije wakaipita, unakuta vita imekolea kabisa afu unaletewa kisa kingine kisichohusika. Shuleni nilivumilia. Sasa hivi natoka alfajiri narudi usiku, na drama nyingi za Kikorea ni episodi 16, inaanza inaisha.

Lakini muda sio kilichonihamisha. Ni drama moja ya Kikorea, Reply 1988. Mtaa wa kawaida tu Seoul, mwaka wa Olimpiki, familia tano zimepakana. Episodi ya kwanza jioni akina mama wanapika, kila mtoto anatumwa na sahani nyumba ya jirani, wanapishana kwenye kichochoro sahani mkononi. Wakuu mi nimelelewa hivyohivyo! Mwezi wa Ramadhani natumwa na sahani imefunikwa kawa, na yule jirani hairudishi tupu hata siku moja. Nilisimamisha picha nikaangalia ile sahani kwa muda.

Afu kuna Deok-sun, mtoto wa katikati, kila mwaka birthday yake inaunganishwa na ya dada yake kwenye keki moja, siku hiyo anashindwa kuvumilia analia mbele ya wote. Baadae baba yake anamletea keki yake peke yake, anamwomba msamaha. Mi pia wa katikati, begi la kaka likichakaa ndo linakuwa langu. Kwenye anime mtu akiumia atakwambia moyoni anawaza nini, maneno mengi, na nilikuwa nayapenda kweli. Yule baba anahangaika na maneno mpaka unaona aibu usoni kwake, na uso wa mtu mzima anayeomba msamaha kwa mtoto haujawahi kunigusa hivyo kwenye mchoro, hata uchorwe vizuri vipi.

Kingine, anime niliangalia peke yangu miaka yote, nyumbani wakipita wanasema katuni hizo. Hii nilivuka nayo kwenye laptopu mpaka Kitunda, ng'ambo ya maji hapahapa Lindi, kwa bibi, hasomi maandishi ya chini, kwa hiyo namtafsiria sentensi kwa sentensi, tunaenda episodi moja jioni moja, taratibu sana. Tulipofika kwenye keki akanishika mkono, "Rudisha hapo mjukuu wangu." Nikarudisha. Akaangalia tena bila mi kutafsiri, afu akaanza kunihadithia babu alivyomkosea mama yangu udogoni na hakuwahi kumwambia. Nina miaka 29, hiyo habari sikuwahi kuisikia.

Tumebakiza episodi nne. Ijumaa navuka tena.