Usikimbize Bei Yao: Jibu kwa Kijana Aliyeniuliza Kama Afunge Duka

Juzi usiku nilipokea ujumbe wa kijana mmoja, na tangu hapo sijatulia. Ameachiwa duka na baba yake, duka la vifaa vya ujenzi na vya nyumbani. Sasa kampuni yenye matawi kila mahali inafungua tawi hatua chache kutoka mlangoni pake. Ameuliza hivi: "Dada, niuze mzigo nifunge mapema, au nishushe bei nipambane nao?"

Swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe na sikuwa na wa kunijibu. Nikajijibu vibaya, nikapoteza duka. Kwa hiyo mdogo wangu, pamoja na nyote mnaonisoma mkiwa nyuma ya kaunta zenu, leo nitasema yote, hata yale ambayo kwa miaka mingi nimeona haya kuyasema.

Duka langu la kwanza lilikuwa la kuuza vitu kama vyako: misumari, skrubu, bawaba, makomeo, koki, kufuli, rangi na brashi zake. Nilikuwa nimelikalia miaka sita. Nilijua ni boksi gani liko nyuma ya boksi gani bila kuwasha taa. Wanaume waliokuja mara ya kwanza walimtafuta "mwenye duka" kwa macho, wakaondoka wakijua kwamba mwenye duka ni mimi na kwamba nimewauzia koki inayofaa bomba lao. Niliona fahari sana juu ya hilo, na bado naona.

Kisha tawi likafunguliwa. Wiki ile ile nilimwona mteja wangu wa siku nyingi akipita mbele ya mlango akiwa na mfuko wao mkononi. Alipofika usawa wangu aligeuza uso upande wa pili wa barabara. Hakuwa na deni kwangu wala hakunikosea, pesa ni zake. Lakini nikisema haikuniuma nitakuwa nadanganya. Usiku huo huo nilikaa na kalamu nikabandika bei mpya kwenye kila rafu. Sikupiga hesabu yoyote. Niliongozwa na uchungu.

Hesabu niliyopaswa kuipiga ni nyepesi kiasi kwamba ningeweza kuiandika kwenye kiganja. Kitu unachokinunua kwa 75 ukikiuza kwa 100, umebaki na 25. Ukishusha bei ikawa 90, unabaki na 15. Maana yake, faida uliyokuwa ukiipata kwa kuuza vipande 3, sasa lazima uuze vipande 5. Wewe umepunguza bei kwa sehemu moja ya kumi tu, lakini umejiongezea mzigo wa kuuza karibu mara mbili. Hao wateja wa ziada watatoka wapi, na mtaa ni ule ule, na tayari mnagawana? Mimi sikuwapata. Walewale waliokuwa wakija waliendelea kuja, wakalipa kidogo zaidi, wakashukuru.

Siku moja niliingia kwao kama mteja wa kawaida. Nikakuta kufuli lile lile ninalolichukua kwa bei ya jumla, wao wanaliuza rejareja kwa bei iliyo chini ya ile yangu ya kununulia. Nilisimama mbele ya rafu ile nikahisi miguu inaniishia nguvu. Nilipompigia msambazaji wangu, mtu niliyemlipa kwa wakati miaka yote sita, alinijibu kwamba wenzangu wanachukua lori zima na mimi nachukua maboksi mawili. Ndivyo tu. Sijamsahau.

Msione kwamba ni kilio changu peke yangu. Huko Marekani wenye maduka madogo walilia kilio hicho hicho mpaka mwaka 1936 ikapitishwa sheria iliyoitwa Robinson-Patman, ya kumzuia muuzaji wa jumla asimpendelee mnunuzi mkubwa kwa bei dhidi ya mdogo bila sababu ya gharama. Sheria ipo hadi leo, ingawa kwa miongo mingi ilikaa karibu bila kutumika. Ninayataja haya ili mdogo wangu ujue kwamba pengo la bei ya kununulia ni la tangu zamani, na huwezi kuliziba kwa kujibana kwenye bei ya kuuzia. Bei yao inaanzia mahali ambapo wewe hujafika.

Kosa langu la pili lilikuwa kuwaiga. Niliondoa kaunta. Niliona kwao watu wanajichukulia vitu wenyewe rafuni, nikasema ndiyo maana wanapendwa. Sikujua mtindo ule ulibuniwa kwa ajili gani. Clarence Saunders alipofungua Piggly Wiggly, duka la vyakula, mjini Memphis huko Marekani mwaka 1916, alimwacha mnunuzi ajichukulie bidhaa na kulipia mlangoni ili wahudumu wapungue na gharama zishuke. Ilikuwa akili kubwa, kwa duka lililotaka kuuza kwa wingi na kwa wahudumu wachache. Mimi mhudumu wangu nilikuwa ni mimi mwenyewe! Nilipoondoa kaunta sikupunguza mshahara wa mtu. Nilipunguza mazungumzo. Mteja aliingia, akazunguka, hakujua achukue kipi, akatoka. Vitu vidogo navyo vikaanza kupotea rafuni.

Baada ya miezi 14 nilifunga. Siku niliyouza rafu zenyewe nilikuta daftari langu la madeni chini ya droo, kurasa nzima hazijajumlishwa tangu tawi lilipofunguliwa. Wazee walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nilikuwa na daftari, sikulifungua. Watu waliniambia tawi lile limeniua. Nilikubali kuhurumiwa hivyo kwa muda mrefu. Ukweli ni kwamba duka langu lilikufa kwa mkono wangu, kwa kukimbiza bei ya watu.

Miaka miwili iliyofuata nilikuwa nimeajiriwa, sina la kusimulia hapo.

Duka la pili nililifungua kwenye mtaa ambao tayari una maduka mawili ya matawi. Ndugu zangu walidhani nimechanganyikiwa. Sikushindana na bei yao hata siku moja, na ninarudia, hata siku moja. Nilirudisha kaunta, nikaweka na kiti mbele yake. Mtu akija na koki inayovuja, simuuzii koki. Namwomba anionyeshe ile ya zamani, mara nyingi kilichokufa ni kipira cha ndani tu, na kipira namuuzia kimoja. Kule wanauza pakiti ya kumi. Faida ya kipira kimoja haionekani kwa macho, lakini mtu huyo akijenga choo kipya atakuja kwa nani?

Pembeni ya kaunta nina daftari la vitu nilivyoulizwa nikawa sina. Likitajwa jina moja mara tatu, naagiza. Tawi haliwezi kufanya hivyo. Meneja wa tawi anaweza kuwa mtu hodari kabisa na anajua wateja wake wanataka nini, lakini orodha ya bidhaa inatoka makao makuu, na makao makuu hayamjui fundi wa mtaa wenu anayehitaji bawaba za milango ya kizamani. Huo ndio upenyo wako, mdogo wangu. Kampuni kubwa zenyewe zimeanza kuutambua. James Daunt, aliyekuwa na maduka yake machache ya vitabu London, alipokabidhiwa Waterstones, kampuni ya Uingereza yenye matawi mengi ya maduka ya vitabu, mwaka 2011 ikiwa na hali mbaya, aliwaachia mameneja wa matawi wachague wenyewe vitabu vya kuweka, kila duka lifanane na mahali lilipo. Waterstones ikasimama tena. Mwaka 2019 akakabidhiwa pia maduka ya vitabu ya Barnes & Noble ya Marekani, akafanya vivyo hivyo. Kama mkubwa anatafuta kuwa kama wewe, kwa nini wewe uhangaike kuwa kama yeye?

Sasa kuhusu bei ya kununulia, maana najua utaniuliza. Dawa yake ni kuungana, na dawa hii ni chungu kwa sababu inahitaji watu. Mwaka 1924 wenye maduka kadhaa ya vifaa kama vyetu mjini Chicago waliamua kununua pamoja. Hapo ndipo ilipozaliwa Ace Hardware, na tangu mwaka 1976 kampuni hiyo inamilikiwa na wenye maduka wenyewe kwa mfumo wa ushirika. Leo ina maduka zaidi ya 5,000, na mengi bado ni ya watu binafsi wenye funguo zao mfukoni. SPAR nayo ilianza hivyo Uholanzi mwaka 1932: muuza jumla na wauza rejareja wakakubaliana kununua kwa pamoja ili wasimezwe na maduka ya matawi.

Mimi niliwafuata wenzangu saba. Nilikwenda mlango kwa mlango, jioni baada ya kufunga, na karatasi ya hesabu mkononi. Wanne walikubali. Watatu walinitazama kana kwamba nimekuja kuwaibia, na mmoja wao alinieleza kwamba mtu aliyeshindwa duka lake hana cha kumfundisha. Maneno yale niliyabeba moyoni muda mrefu. Sisi watano tulianza na bidhaa sita tu, zile zinazotoka kila siku: misumari, kufuli, rangi nyeupe, brashi, nyaya na koki. Tunakusanya oda, tunalipa kwa pamoja, gari moja linashusha milango mitano. Hatukufikia bei ya kampuni kubwa na sidhani kama tutafikia. Lakini pengo lilipungua kiasi kwamba mteja haoni sababu ya kuvuka barabara kwa ajili ya kufuli.

Niseme na jambo la pango, ambalo wengi wenu hamlitazami mpaka mlango unagongwa. Tawi likifunguliwa, wenye majengo jirani nao huamka. Wanaona kampuni imelipa kodi kubwa bila kubishana, na mkataba wako ukiisha unaambiwa kodi mpya. Kuna maduka yanayoondolewa na kodi kabla hata wateja hawajapungua. Paris, tangu mwaka 2004, jiji lilianza mpango wa kununua vyumba vya maduka katika mitaa iliyokuwa ikipoteza biashara ndogo na kuvipangisha kwa wafanyabiashara huru. San Francisco mwaka huo huo iliweka kanuni za kuyabana maduka ya aina moja yenye matawi 11 au zaidi kwingineko. Hayo ni majiji yaliyoamua kuingilia. Kama pako hapajaamua, kinga yako ni karatasi iliyo kwenye droo: mkataba unaisha lini, na kodi inaruhusiwa kupanda kwa kiasi gani.

Na wewe msomaji usiye na duka, nawe nina neno lako, usifunge ukurasa. Mwaka 2012 watu wa Totnes, mji mdogo wa Uingereza, walikusanya saini maelfu kuipinga Costa, kampuni ya migahawa ya kahawa, isifungue tawi lake, na kampuni ikarudi nyuma. Nawaheshimu. Lakini saini ni ya siku moja, na duka linahitaji kuuza kila siku. Usilisikitikie duka la jirani siku linapofungwa ikiwa mwaka mzima ulipita mbele yake ukigeuza uso. Ukihitaji kitu kimoja, anza kwake, uliza. Kama hana, mwambie aagize, mpe nafasi. Kumbuka pia kwamba mkubwa naye huondoka. Kampuni ya maduka ya Woolworths ilifungua duka lake la kwanza Uingereza mwaka 1909, na kufikia Januari 2009 maduka yake yote, zaidi ya 800, yalikuwa yamefungwa ndani ya majuma machache. Lililouza vizuri na lisilouza vyote vilizimwa kwa pamoja, kwa sababu ya madeni ya kampuni. Uamuzi haukutoka kwenye mtaa wowote kati ya mitaa ile.

Mwezi uliopita nilitia saini mkataba mpya wa pango wa miaka mitano. Niliusoma kila mstari mbele ya mwenye jengo, na kifungu cha kupandisha kodi tukakiandika upya mpaka tukaelewana. Nilitoka pale nikakaa kwenye kiti changu mbele ya kaunta, upande wa wateja, nikalia kidogo. Yule msambazaji wa maboksi mawili ameshasikia habari za oda yetu ya pamoja, na amepiga simu mara mbili akitaka kutuuzia. Wenzangu wanasema biashara ni biashara, tumsikilize. Sijamjibu.

Kwa hiyo mdogo wangu, usifunge, na usibandike bei mpya wiki hii hata kama mkono unawasha. Utoe mkataba wa baba yako kwenye droo uusome. Kisha chukua daftari safi, uandike kila kitu ambacho mtu ataulizia akikukuta huna, siku 30 mfululizo. Ukimaliza, niandikie tena, na unitajie majina ya wenye maduka uliozungumza nao kuhusu kununua pamoja.