Kabla samaki hajafika kwenye ubao

Vijana wanaomaliza masomo ya uvuvi, wakipata nafasi ya kwenda Ghana au Mali kupima na kurekodi samaki wanaovuliwa, hunipigia kuuliza wabebe nini. Penseli, nawaambia. Wino haushiki kwenye karatasi iliyopakwa ute wa kambare. Vingine vyote vinapatikana kule kule. Ila kuna mzigo mmoja mtakwenda nao bila kujua, nao ni Ziwa Victoria. Mimi ulinielemea karibu mwaka mzima.

Wiki yangu ya kwanza Yeji, soko kubwa la samaki kwenye Ziwa Volta, niliona sangara wawili kwenye karai la mama mmoja. Usiku ule sikulala. Niliandika ripoti ya kurasa tatu, nikaeleza jinsi furu wetu, samaki wadogo wa Victoria walioliwa na sangara, walivyoangamia, nikapendekeza uchunguzi wa haraka wa nani aliyempandikiza samaki huyu. Bosi wangu, Mghana mpole, aliisoma hadi mwisho, kisha akaniuliza kama kwetu huwa tunaandika ripoti pia tukiona mamba. Sangara ni mwenyeji wa Volta, kama alivyo mwenyeji wa Niger, Senegal na Ziwa Chad. Kwetu ndiko alikopandikizwa, miaka ya 1950 na 1960. Hata sato, tunayemla kana kwamba babu zetu walizaliwa naye, aliletwa Victoria miaka hiyo hiyo, ilhali Volta yuko nyumbani kwake.

Kule mgeni ni ziwa lenyewe. Bwawa la Akosombo lilikamilika 1965, maji yakafunika bonde na miti yake, likawa ziwa la kilomita za mraba zipatazo 8,500. Miti mingi haikukatwa. Visiki bado vimesimama chini ya maji, vinapasua nyavu na kupindua mitumbwi, kwa hiyo vaa jaketi la kuokolea hata kama nahodha anakucheka. Lakini fikiria pia samaki: jana alikuwa wa mto, leo ni wa ziwa. Kule Nigeria, bwawa la Kainji lilipofungwa 1968, ukoo wa domodomo ulipungua sana, na baadaye samaki wadogo wa ukoo mwingine, wanaopenda maji wazi, wakawa uvuvi mkubwa. Wapo Volta pia. Mtu wa Mwanza atawaita dagaa na atakuwa amekosea ukoo. Wa Kigoma akiwaita dagaa amepatia, maana hao na wa Tanganyika ni ndugu. (Wakikaangwa wakauke, wakaliwa na kenkey, donge la unga wa mahindi uliochachushwa, na pilipili, hata ubishi wa ukoo unaisha.)

Sasa, ubao wa kupimia. Kosa langu la pili lilikuwa kuandika "tilapia" kwenye safu moja kwa miezi miwili. Soko linawaita hivyo, nami nikafuata soko. Shika samaki mkononi kabla hujampima. Mkia wenye mistari ya wima iliyopangika vizuri ni sato. Mwenye kifua chekundu ni yule ambaye wataalamu humwita zillii. Mpana, mweupe wa fedha, asiye na mistari mkiani, ni galilaeus. Kwa nini usumbuke? Kwa sababu hawalei sawa. Jike la sato hubeba mayai mdomoni. Kwa galilaeus, dume na jike wote hubeba. Zillii hutaga chini, kwenye kiota, na wazazi hukaa kukilinda. Mtu akikokota kokoro kwenye maji mafupi ya kando, zillii anapoteza kiota chote kwa siku moja, ilhali sato au galilaeus huenda akaponyoka na watoto wake mdomoni. Ukiwaweka safu moja, hutajua kamwe nani anaumia.

Na mkubaliane mnapima urefu upi. Mimi nilipima hadi ncha ya mkia, mwenzangu aliyesomea kwa Wafaransa akapima hadi shina la mkia. Samaki wangu wa sentimita 25 kwake alikuwa wa 20. Tulikuja kugundua baada ya kuchanganya daftari zetu.

Omba kwenda na wavuvi wa mianzi, angalau mara moja. Hufunga vipande vya mianzi vyenye uwazi kwenye kamba, huvizamisha na kuviacha siku kadhaa. Chrysichthys, kambare wa kijivu mwenye bei nzuri, hupenda mashimo, ndimo anamojificha na kutaga. Mvuvi huinua kipande polepole, huziba mdomo wake kwa kiganja, halafu hukigonga ukingoni mwa mtumbwi. Wanatoka dume na jike, na nyuma yao shada la mayai ya manjano linateleza hadi kwenye maji machafu ya mtumbwini. Nimesoma hoja nyingi kuhusu mbinu hii, na sijaona yenye nguvu kuliko kile kishindo kidogo cha mwanzi. Lakini siku hiyo usimhubirie mtu. Wewe ni mgeni kwenye mtumbwi wake.

Mali ndiko nilikonyamazishwa zaidi. Mopti iko kwenye delta ya ndani ya Mto Niger, na mvua inayoijaza hainyeshi pale, hunyesha mbali, kwenye milima ya Guinea. Maji hufika Mopti na kufikia kilele karibu Oktoba au Novemba, wakati mbingu imeshakauka. Yakipanda, samaki huingia kwenye mbuga kuzaa, na watoto hukulia kwenye majani. Yakipwa, hurudi mtoni kupitia mikondo myembamba, na hapo ndipo migono inawangoja. Wengi wanaovuliwa hawajatimiza mwaka. Kinachotua kwenye mizani Februari kilipandwa na mafuriko ya Oktoba.

Mimi nilikuja na sheria ya macho ya wavu ya kwetu kichwani. Msimu wangu wa pili kilo zilishuka, nikaandika kwamba chanzo ni nyavu ndogo. Mzee mmoja Mbozo, kabila la wavuvi wa delta ile, alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya ukuta wa udongo wa nyumba yake, akanionyesha alama mbili za maji: ya mwaka uliopita ilinifika kiunoni, ya mwaka ule chini ya goti. Hakusema kitu. Nyavu ndogo zina ubaya wake, sikatai, lakini kwenye mto wa mafuriko ukilinganisha miaka bila kuuliza maji yalifika wapi, unapima mvua ya Guinea na kumlaumu mvuvi. Mabwawa ya juu yanayozuia sehemu ya maji hayo huwa hayatajwi kwenye faini za mwaloni.

Kilo peke yake nazo zinadanganya. Mwalo unaweza kuleta tani zile zile miaka kumi, huku sangara na wakubwa wengine wakipotea mmoja mmoja na nafasi zao zikijazwa na vidagaa. Andika urefu, andika mitumbwi mingapi ilitoka na ililala majini usiku ngapi.

Mwisho, wahi kwa akina mama. Yeji nilikuwa nafika mwaloni saa moja asubuhi, nikijiona mchapakazi. Samaki wakubwa walikuwa wameshaondoka. Wachuuzi ndio waliomkopesha mvuvi pesa ya nyavu na mafuta, kwa hiyo samaki bora ni wao kabla mtumbwi haujagusa mchanga. Mimi nilipima masalia miezi minne. Mmoja wao ndiye aliyenionea huruma, akaniambia nije saa kumi alfajiri, nikae nyuma ya tanuri lake la kubanikia, nisimguse samaki mpaka amalize kuhesabu. Nilikwenda na tochi.