Miti ya rangi mbili

Mmeuliza wiki hii: kwa nini familia za mastaa na matajiri huishia kushtakiana baada ya msiba, na je, ni tamaa tu? Mimi nasema tamaa ipo, ila siyo mzizi. Nimeyaona haya Mufindi, kwenye shamba la miti la marehemu baba yangu, ambaye hakuwa staa wala tajiri.

Baba aliacha ekari kumi na mbili za paini zenye miaka saba. Nyumba ukiifunga utaikuta ilivyo, miti sivyo. Paini ya miaka saba haitoi mbao ya maana, lakini ukiivumilia mpaka kumi na tano, bei yake ni habari nyingine kabisa. Kwa hiyo tuligombania kitu ambacho bado kilikuwa kinakua. Baba mdogo na kaka yangu mkubwa walitaka ivunwe mara moja, kila mmoja kwa mgawo wake. Mama alitaka isubiri, maana mdogo wetu wa mwisho alikuwa darasa la tatu na ile miti ndiyo ilikuwa ada yake.

Nyimbo za msanii mkubwa ni shamba la namna hiyo: mwenyewe amelala, zenyewe zinaendelea kuingiza hela. Prince, mwanamuziki wa Marekani, alifariki Aprili 2016 bila wosia wala mtoto aliye hai. Warithi wakawa ndugu zake sita. Mpaka mirathi inafikia kugawanywa mwaka 2022, mali ikiwa imethaminiwa dola milioni 156, wawili kati ya hao sita walikuwa wameshazikwa.

Mtaniambia dawa ni kuandika wosia. Aretha Franklin, mwimbaji mwingine wa Marekani, aliandika, tena zaidi ya mara moja. Alifariki Agosti 2018, na mwaka uliofuata karatasi zake zikakutwa nyumbani kwake, moja ikiwa kwenye daftari chini ya mto wa kochi. Wanawe wakabishania ipi ndiyo yenyewe hadi Julai 2023, mahakama ilipoikubali hiyo ya kochini, ya mwaka 2014. Alichotaka mama yao kilikuwepo muda wote. Hakuna aliyekuwa amesomewa.

Baba naye alikuwa na daftari, kaunta buku lenye jalada jekundu. Ameandika idadi ya miche, siku za kupogolea, hata anayemdai mbolea. Miti ni ya nani, hakuandika. Mama aliwahi kumgusia akajibiwa, "Unanichuria?" Neno hilo likisemwa, mke hana tena cha kuongeza.

Kikao cha ukoo kilivunjika, shauri likaenda Mahakama ya Mwanzo, na msimamizi wa mirathi alipoteuliwa wengine wakapinga. Huku nyuma baba mdogo akapita shambani na kopo la rangi nyekundu, akaweka alama kwenye miti aliyosema ni yake. Kaka akapita na bluu. Ipo iliyopakwa zote mbili. Lakini njia ya moto, ule ukanda unaofyekwa ili moto usivuke kuingia shambani, haikufyekwa na mtu, misimu miwili. Nani akafyeke kwa ajili ya mwenzake? Oktoba ya mwaka wa pili moto ukatoka shamba la jirani ukaingia kwetu. Asubuhi nilishika mti mmoja, gome likabanduka mkononi likiwa bado na bluu yake. Mdogo wetu alikaa nyumbani mwaka mzima kabla ya kuendelea na shule, na hilo mpaka leo linaniuma kuliko miti.

Mwaka jana mume wangu ameandika wosia wake, nami wangu, tukawasomea watoto sebuleni neno kwa neno. Mle ndani tumeandika miti yetu ivunwe ikiwa na umri gani, na nani atafyeka njia ya moto kila mwaka. Kimila wosia wa maandishi unataka shahidi wa ukoo na mwingine asiye wa ukoo. Kwenye wangu, shahidi wa ukoo ni baba mdogo. Alisoma ukurasa wote, akarudia pale pa njia ya moto, ndipo akaomba kalamu.

Msomaji wenu, Mafinga