Maji ya Rejeta Yanaishia Wapi?

SWALI: Gari langu ni la zamani, rejeta yake ni ya shaba na halina chupa ya akiba. Nikijaza kulanti (maji ya kupozea injini) hadi shingoni, kesho yake imeshuka karibu sentimita 3. Chini naona matone, lakini baada ya kuzima injini tu. Fundi anataka kubadilisha wota pampu. Nimruhusu?

JIBU: Mwambie asubiri kwanza. Hiyo sentimita 3 huenda si uvujaji. Kulanti ikipata joto hutanuka, na gari lisilo na chupa ya akiba hutema ziada kupitia mpira mwembamba ulio shingoni mwa rejeta. Ukijaza tena hadi juu, litatema tena. Injini ikiwa baridi, acha nafasi ya sentimita 3 chini ya shingo, kisha uone kama kina kitaendelea kushuka. Kikitulia, huna ugonjwa.

Kikizidi kushuka, basi wakati wa matone unakupa fununu. Injini ikizimwa, pampu na feni husimama ilhali chuma cha silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) bado kina moto. Kwa dakika kadhaa maji yaliyotuama yanazidi kupata joto na presha inapanda, hivyo tundu dogo ambalo barabarani lilikaushwa na upepo wa feni sasa linajionyesha. Kuna na uvujaji wa kinyume chake: unatoka asubuhi kwenye baridi, injini ikipata moto unakoma. Huo mara nyingi ni klipu ya mpira iliyolegea.

Azima pampu ya kupimia presha ya rejeta. Injini ikiwa baridi kabisa, ifunge mahali pa mfuniko na ujaze presha iliyoandikwa kwenye mfuniko unaolifaa gari hilo, usizidishe. Magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 yalitumia psi (kipimo cha presha) 4 au 7. Ya baadaye yakafika 13 hadi 15. Kumfungia mzee wa psi 7 mfuniko wa 15 ni kuitafutia rejeta yake kuachia kwenye maungio ya risasi. Subiri dakika 15. Mshale ukishuka, pita na tochi na kioo kidogo: ncha za mipira, kiti cha themostati, mpira wa hita (huo husahaulika kila mara), mishono ya rejeta, kisha wota pampu.

Chini ya shafti ya wota pampu kuna kitundu kidogo kilichowekwa makusudi ili sili ikifa maji yatoke nje, yasiingie kwenye beringi. Doa kavu hapo si hoja. Kikitiririka, au feni ikicheza unapoitikisa kwa mkono, hapo fundi wako ana haki.

SWALI: Ubavuni mwa bloku, nyuma ya manifodi ya ekzosi, kuna kisahani cha chuma kinachochuruzika maji ya kutu. Naweza kukipaka gundi ya chuma?

JIBU: Hapana. Visahani hivyo, vinavyoziba matundu ya bloku, huliwa na kutu kutoka ndani, kwa hiyo tundu unaloliona lina maana kwamba chuma kilichobaki kulizunguka kimeshakuwa chembamba kama karatasi. Vibadilishe vyote kwa mkupuo mmoja, maana vina umri mmoja. Chagua vya shaba nyeupe au njano ukivipata, na upime kipenyo cha tundu la bloku, si cha kisahani kilichooza.

Mwaga maji kwa koki ya bloku, si ya rejeta peke yake. Koki isipotoa kitu, ichokoe kwa waya. Imezibwa na tope la kutu. Kisahani chenye umbo la kikombe kigonge pembeni kwa tindo mpaka kigeuke upande, kisha ukivute kwa koleo. Ukikigonga hovyo kitatumbukia ndani. Kilichobinuka kama tumbo kitoboe katikati na ukikongoe, lakini usizamishe keekee, ukuta wa silinda uko jirani. Safisha kiti kwa msasa hadi chuma king'ae, paka sili ya majimaji (dawa ya kuzuia uvujaji) kwa wembamba. Kikombe kipigiliwe sawasawa, bila kulala upande. Chenye tumbo hukaa tumbo likitazama nje, na unakigonga katikati mpaka kilale tu. Ukikibonyeza kuingia ndani, kingo zake zinaachia na umerudi ulikotoka.

SWALI: Hakuna palipolowa, lakini maji yanapungua. Nitie poda ya kuziba?

JIBU: Poda haichagui: huziba pia vijibomba vya rejeta na hita. Iache. Chomoa plagi zote. Iliyo safi kupita wenzake huenda imeoshwa na mvuke. Washa injini baridi mfuniko ukiwa wazi: viputo visivyokoma, au oili yenye rangi ya maziwa, ni dalili ya gasketi ya hedi kuungua. Hedi ikishafunguliwa, ipime kwa rula iliyonyooka na filageji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya). Mwanya ukizidi milimita 0.1, ipeleke ikasawazishwe kabla ya gasketi mpya. Boluti zinazoingia kwenye njia ya maji zipakwe sili hiyo ya majimaji kwenye nyuzi. Kaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), ukianzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu. Kama gasketi ni ya aina ya zamani, ikaze upya baada ya injini kupata moto na kupoa, kwa namna kitabu cha gari kinavyoelekeza.