Moshi wa bani sio "smog"

SWALI: Mwalimu shikamoo. Niko Urambo, naandika ripoti ya Kiingereza kuhusu moshi wa mabani, yani vile vibanda vya kukaushia tumbaku kwa moto. Niliandika "The barns produce many smogs and pollutions", ikarudi imejaa wino mwekundu. Kwani "smog" si ndo "smoke" kwa Kiingereza kikubwa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. "Pollution" haina wingi, andika "a lot of pollution". Vinavyohesabika ni "pollutants", yani vile vitu vyenyewe vinavyochafua hewa. Hilo limeisha.

Ila hiyo "smog" nshachoka nayo, hapa Tabora kila wiki naletewa karatasi inayo, na nikiuliza wameitoa wapi ni zile pdf za "maneno mazito ya Kiingereza" zinazouzwa WhatsApp, mtu kakupangia maneno kama mafungu ya nyanya, hakwambii hata moja linakaa wapi. "Smog" ni "smoke" na "fog" zimeunganishwa, daktari Des Voeux ndo aliitangaza kule London mwaka 1905, akimaanisha moshi wa makaa ya mawe uliochanganyika na ukungu. Desemba 1952 ulitanda London siku 5 na watu kama 4,000 wakafa kwa hesabu za mwanzo. Siku hizi wanaita hivyo pia ule utusitusi wa miji kama Los Angeles, jua likishapiga moshi wa magari. Sasa bani lako linachoma kuni za miombo, moshi unatoka unauona, unakuwasha macho, huo ni "smoke" tu, andika "Tobacco barns release a lot of smoke" utaeleweka. Wa ekzosi ya bodaboda ni "exhaust fumes". Sisi vyote tunaita moshi, ndo maana mnateleza.

Na msione ni mambo ya maksi tu. Niliwahi kuletewa bango la tahadhari ya jiko la mkaa nilipitie kabla halijachapwa, limeandikwa "carbon dioxide" wakati inayoua watu waliolala na jiko ndani wamefunga madirisha ni "carbon monoxide", haina rangi wala harufu, mkaa unaitoa ukikosa hewa ya kutosha. Anayesoma lile bango akatafute dalili za sumu hiyo anapata za kitu kingine kabisa. Nikamuuliza aliyeandika kwa nini kachagua hilo, akafungua simu akanionyesha pdf, "dioxide" ipo, "monoxide" haimo.