Ile picha ya Ripon, mdogo wangu

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa kwenye basi naenda shifti ya usiku. Unasema ile picha yangu ya Krismasi, nimesimama na wanyama wenye mapembe nyuma yangu na minara ya kanisa inaonekana kwa mbali, imezunguka kwenye grupu la ukoo na watu wanasema dada anakula bata. Halafu unauliza kama uuze kiwanja cha Himo umpe wakala milioni 12 akulete huku Uingereza kwenye kazi kama yangu. Acha nianze na picha.

Ilipigwa tarehe 26 Desemba. Tarehe 25 nilikuwa kazini kwa muda wa saa kumi na mbili nzima, kwenye nyumba ya wazee, nawakatia watu bata mzinga vipande vidogo vidogo wasije wakapaliwa. Kwa hiyo bata nilimwona, ila nilikuwa namlisha mtu mwingine. Siku hiyo nchi inafungwa kabisa. Treni hakuna hata moja, mabasi karibu yote yamelala. Kwetu Desemba ndiyo watu wanapanda Kilimanjaro kuhesabiwa, basi linajaa mpaka unakalia ndoo, na ukifika unakuta kisusio kinachemka. Huku kila mtu anajifungia na watu wake. Usiye na watu ukitoka nje unasikia viatu vyako tu.

Kesho yake, Mzimbabwe mmoja tunayefanya naye kazi akaniambia tuingie kwenye gari lake kuukuu twende Ripon, kaskazini huku Yorkshire, tukatembee. Nikamuuliza kiingilio bei gani. Akasema hakuna. Ndiyo maana nilikwenda, sikufichi.

Ripon wanaiita jiji kwa sababu ina kanisa kuu, lakini watu wake hawafiki hata elfu ishirini. Chini ya kanisa kuna chumba kilichojengwa mwaka 672 na askofu Wilfrid. Unashuka ngazi nyembamba, unainama, unajikuta kwenye kijichumba cha mawe ambacho watu kumi wakiingia hakuna wa kugeuka. Kanisa la juu limejengwa na kujengwa tena karne kwa karne, hicho cha chini bado kipo. Niligusa ukuta. Ulikuwa na ubaridi wa jiwe la kisima.

Kila tarehe 26 Desemba watu wanatoka hapo kanisani kwa miguu mpaka magofu ya monasteri ya Fountains, kama kilomita sita na ushee. Wanawakumbuka watawa kumi na watatu waliogombana na wenzao mjini York, wakitaka maisha magumu zaidi (wapo watu wa namna hiyo), wakala Krismasi ya mwaka 1132 hapo Ripon kwa askofu mkuu Thurstan, kisha akawapa kipande cha bonde kando ya mto Skell. Wakaanza maisha chini ya mti, katikati ya baridi. Baadaye nyumba yao ikatajirika kwa sufu ya kondoo, mpaka mfalme Henry wa Nane alipoifunga mwaka 1539 na madini ya risasi yaliyoezekea mapaa yakang'olewa. Kilichobaki ni kuta ndefu bila paa, ukungu unaingia na kutoka madirishani.

Njia yenyewe ni tope. Usidanganywe na koti zuri pichani, chini nilivaa mabuti ya mpira ya kuazima, namba mbili zaidi ya mguu wangu, na soksi jozi tatu. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu, ukikanyaga zinalia kama chumvi ya mawe. Na hao wanyama si wa porini. Ni kulungu wa huku, wanafugwa ndani ya ukuta kwenye mbuga ya Studley Royal, ambako zamani kabaila alikuwa na uhakika wa nyama na wageni wake walikuwa na cha kutazama. Kuna barabara ya miti iliyonyooka inapanda kilima. Ukigeuka nyuma unaona minara ya kanisa kuu la Ripon katikati kabisa ya miti. Hapo ndipo nilipopigwa picha.

Aliyetengeneza bustani za mabwawa ya pale ni John Aislabie, aliyekuwa waziri wa fedha wa Uingereza. Alifukuzwa bungeni mwaka 1721 kwa kashfa ya kampuni ya South Sea, kampuni iliyokuwa na mkataba wa kupeleka Waafrika utumwani kwenye makoloni ya Wahispania. Akarudi nyumbani akachimba mabwawa. Nilipoambiwa habari hiyo nilikaa kimya kidogo, nikayatazama maji, kisha nikanywa chai yangu. Bustani ni nzuri. Siwezi kukuambia ni mbaya kwa sababu hiyo.

Jambo moja lilinifurahisha kuliko kulungu. Waingereza hawa wanaokaa nami basi moja mwaka mzima bila kusema kitu, ukikutana nao njiani msituni wanakusalimu. Wote! Bibi mmoja mwenye mbwa wawili aliniuliza kama nimepata Krismasi njema, nikasema ndiyo, na kwa dakika ile ilikuwa kweli.

Saa kumi kasorobo jua likazama. Asubuhi lilitoka saa mbili na dakika ishirini, basi hesabu mwenyewe. Giza hilo hakuna anayelipiga picha, na mimi naishi humo kuanzia Novemba.

Sasa kiwanja. Usiuze. Tangu tarehe 22 Julai 2025 serikali ya huku imefunga viza ya kazi yangu hii ya kulea wazee kwa waombaji wapya walio nje ya nchi. Huyo wakala hana anachouza. Mimi nilipita kabla mlango haujafungwa, na tayari sheria ya Machi 2024 ilikuwa imewakataza walezi wapya kuja na mke, mume au watoto. Ungekuwa nesi ningekuambia mengine. Mwambie akuonyeshe jina la mwajiri, kisha nitumie mimi nilitazame, utaona atakavyopotea hewani.

Usiku tulirudi Ripon kusikiliza pembe. Kila siku saa tatu usiku mtu mwenye kofia ya pembe tatu anasimama kwenye mnara wa uwanja wa soko na kupuliza baragumu pande zake nne. Wanasema ni tangu mwaka 886. Nilimrekodi nikamtumia mama. Huko ilikuwa saa sita usiku, akaisikia alfajiri, akanipigia nikiwa nimelala kuniuliza ni ng'ombe wa nani huyo anaumwa.